Kompyuta Inapokwama Nyumbani: Namna ya Kutambua Ubovu wa Kumbukumbu Kabla ya Safari ya Fundi

Kijiji cha Ikombe kipo katika ufukwe wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mkoani Mbeya, mahali ambapo Milima ya Livingstone hushuka hadi kuyagusa maji. Kinafahamika kwa vyungu vinavyofinyangwa na akina mama wa Kikisi, ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi Matema na kusambazwa katika masoko ya mbali. Kwa miaka mingi njia za kufika kijijini hapo zilikuwa mtumbwi, boti au miguu kandokando ya ziwa kutoka Matema. Jiografia hiyo ina gharama zake kwa kila kifaa kinachoharibika. Mwenye kompyuta ya mezani anayetaka kuipeleka kwa fundi Kyela mjini huwa na safari ndefu. Na iwapo fundi hana kipuri, jiji la Mbeya liko zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela.

Kwa sababu hiyo, kujua hitilafu iko wapi kabla ya kuanza safari ni jambo lenye thamani ya fedha. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua ubovu wa kumbukumbu ya muda, ijulikanayo madukani kwa jina la RAM, katika kompyuta ya mezani iliyounganishwa nyumbani kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Hatua nyingi hazihitaji kifaa chochote zaidi ya bisibisi, kitambaa safi na subira.

Kumbukumbu ya muda ni nini

Kompyuta huhifadhi taarifa katika sehemu kuu mbili. Diski hutunza mafaili hata umeme unapokatika. Kumbukumbu ya muda, kwa upande wake, hubeba kazi inayofanyika wakati huo: barua inayoandikwa, hesabu zinazojumlishwa au picha iliyofunguliwa. Umeme ukikatika, vyote vilivyomo humo hupotea.

Teknolojia inayotumika hadi leo ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, ambaye alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1968. Kila biti moja huhifadhiwa katika chembe yenye transista moja na kapasita ndogo sana. Kapasita hiyo huvuja chaji, mfano wa chungu kisichochomwa vizuri, hivyo kompyuta hulazimika kuijaza upya mara nyingi kila sekunde. Kwa kawaida chembe zote hupitiwa ndani ya milisekunde 64.

Moduli moja ya gigabaiti 8 ina chembe zaidi ya bilioni 68. Chembe moja tu ikishindwa kutunza chaji yake, tarakimu katika hesabu inaweza kubadilika, faili likafungwa likiwa na kasoro, au kompyuta nzima ikasimama. Hapo ndipo ilipo hatari ya ubovu huu: si kila mara kompyuta huzima na kumtahadharisha mtumiaji. Wakati mwingine huendelea kufanya kazi huku ikiharibu taarifa kimyakimya, na daftari la kikundi cha kuweka na kukopa au matokeo ya mitihani ya wanafunzi hubaki na makosa ambayo hakuna aliyeyaandika.

Tatizo hili si la nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, akishirikiana na wataalamu wa kampuni ya Google, ulichunguza idadi kubwa ya kompyuta zilizokuwa kazini katika vituo vya kampuni hiyo. Ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 8 ya moduli zilikumbwa na angalau kosa moja katika kipindi cha mwaka mmoja. Ulibaini pia kuwa makosa mengi yalitokana na ubovu wa kudumu wa kifaa, wala si bahati mbaya ya kupita. Kwa maana hiyo, moduli iliyokwisha kuonesha kosa ina uwezekano mkubwa wa kulirudia.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza ni kompyuta kuwaka, feni zikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Ubao mama mwingi hutoa milio mifupi ya tahadhari kupitia spika ndogo, au huwasha taa ndogo pembeni mwa sehemu yenye hitilafu. Idadi na mpangilio wa milio hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, hivyo maana yake itafutwe katika kijitabu cha ubao mama husika.

Dalili nyingine ni kompyuta kujiwasha upya bila kuamriwa, skrini ya buluu yenye ujumbe unaobadilika kila inapotokea, programu kujifunga zenyewe, usakinishaji wa mfumo endeshi kukwama katika hatua tofauti kila unaporudiwa, na mafaili yaliyobanwa kukataa kufunguka ilhali yanafunguka vizuri katika kompyuta nyingine. Aidha, kompyuta inaweza kuonesha kiasi cha kumbukumbu kilicho pungufu ya kile kilichofungwa ndani yake.

Hata hivyo, vipuri vingine navyo hutoa dalili zinazofanana na hizi. Kosa linalojirudia katika faili moja lile lile kila mara mara nyingi huashiria diski. Kompyuta inayozima ghafla baada ya kazi nzito, kisha ikawaka vizuri ikishapoa, huashiria joto la prosesa au feni iliyoziba vumbi. Inayozima pale taa za nyumba zinapofifia huashiria umeme mdogo au kifaa cha kugawa umeme kilichochoka. Ubovu wa kumbukumbu hutambulika kwa kutotabirika kwake: leo kosa hujitokeza katika programu hii, kesho katika nyingine.

Taarifa ziokolewe kwanza

Kabla ya kugusa chochote, taarifa muhimu zilindwe. Jambo ambalo watu wengi hawalifahamu ni kwamba kunakili mafaili kwa kompyuta yenye kumbukumbu mbovu kunaweza kuyaharibu, kwa kuwa kila faili linalonakiliwa hupita kwanza katika kumbukumbu hiyo. Iwapo kuna nakala ya zamani katika flashi au diski ya nje, isifutwe na wala isiandikwe juu yake. Nakala mpya iwekwe mahali tofauti.

Njia iliyo salama zaidi ni kuichomoa diski na kuisoma kupitia kompyuta nyingine iliyo nzima. Pale isipowezekana, kazi mpya isimamishwe hadi uchunguzi ukamilike.

Kufungua kasha na kuichomeka moduli upya

Sehemu kubwa ya matatizo ya kumbukumbu katika kompyuta iliyounganishwa nyumbani hutokana na moduli ambayo haikukaa sawasawa katika sloti yake, au miguso yake iliyopata uchafu. Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio.

Kwanza, kompyuta izimwe kabisa na waya wa umeme uchomolewe ukutani. Kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki ndani iishe.

Pili, mtumiaji aguse sehemu ya chuma isiyopakwa rangi ndani ya kasha, na arudie kufanya hivyo kila baada ya muda mfupi. Lengo ni kuondoa umeme tuli mwilini, ambao unaweza kuharibu moduli bila hata kuhisiwa. Kazi hii ifanyike juu ya meza ya mbao, mbali na zulia na mavazi ya nailoni.

Tatu, vibano vya ncha za sloti vifunguliwe na moduli itolewe kwa kushikwa pembeni. Miguso ya rangi ya dhahabu isiguswe kwa vidole, kwani jasho na mafuta ya ngozi huacha utando.

Nne, miguso ifutwe polepole kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowanishwa kidogo kwa alkoholi ya aisopropili, kisha iachwe ikauke kabisa. Baadhi ya mafundi hutumia ufutio wa penseli. Njia hiyo huondoa uchafu, lakini dhahabu iliyopakwa juu ya miguso ni nyembamba mno, na ufutio mgumu huikwangua. Asiye na alkoholi atumie ufutio laini mweupe, kwa mkono mwepesi, na ahakikishe mabaki yake yote yamepanguswa. Vumbi lililo ndani ya sloti liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu.

Tano, moduli irudishwe kwa kulinganisha mwanya wake mdogo na kizuizi kilichomo katika sloti, kisha ikandamizwe kwa nguvu iliyo sawa pande zote mbili hadi vibano vijifunge. Ikikataa kuingia, isilazimishwe. Ama imegeuzwa, ama si ya aina inayokubaliwa na ubao mama huo.

Kutenganisha moduli mbovu na sloti mbovu

Iwapo tatizo linaendelea, hatua inayofuata ni kupima moduli moja baada ya nyingine. Katika ubao mama wenye sloti nne, sloti inayopaswa kutumiwa na moduli moja mara nyingi ni ya pili kutoka kwenye prosesa, lakini kijitabu cha ubao mama ndicho kinachotoa jibu la uhakika.

Tuseme kompyuta ina moduli mbili. Moduli ya kwanza ichomekwe peke yake na kompyuta iwashwe. Kisha itolewe na ya pili ichomekwe katika sloti ile ile. Matokeo yasomwe hivi:

Moja ikifanya kazi na nyingine ikashindwa katika sloti ile ile, iliyoshindwa ndiyo yenye kasoro.

Zote mbili zikishindwa katika sloti hiyo lakini zikafanya kazi katika sloti nyingine, kasoro ipo katika sloti au ubao mama, na kununua moduli mpya hakutasaidia.

Kila moja ikifanya kazi peke yake lakini zikashindwa zikiwa pamoja, huenda hazipatani, au zimepangiwa kasi ambayo haziwezi kuihimili.

Zote zikishindwa katika sloti zote, chanzo kitafutwe kwingine: kifaa cha kugawa umeme, prosesa au pini zilizopinda chini yake. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Matokeo ya kila jaribio yaandikwe katika karatasi. Kumbukumbu hiyo ya maandishi humpunguzia fundi saa za uchunguzi, na humpunguzia mteja gharama.

Kuipima kwa programu

Kompyuta inayowaka lakini ikawa na makosa ya hapa na pale hupimwa kwa programu maalumu. Mfumo wa Windows unayo ya kwake, ambayo hufunguliwa kwa kuandika neno mdsched katika sehemu ya kutafutia. Programu iliyo makini zaidi ni Memtest86+, ambayo hutolewa bure na kuwekwa katika flashi, kisha kompyuta huwashwa kupitia flashi hiyo badala ya diski yake. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, liliiwezesha kufanya kazi pia katika kompyuta za kisasa. Katika baadhi ya kompyuta huenda ikahitajika kwanza kuzima ulinzi wa uwashaji katika programu ya awali ya ubao mama, yaani BIOS.

Programu hii huandika mifumo mbalimbali ya tarakimu katika kila chembe, kisha huisoma tena na kulinganisha. Mzunguko mmoja hautoshi, kwa kuwa baadhi ya chembe hushindwa baada ya muda mrefu tu. Inashauriwa jaribio liachwe likiendelea usiku mzima, au angalau kwa mizunguko minne. Umeme ukikatika katikati hakuna kinachoharibika, kwa sababu jaribio halichezei diski, lianzishwe tena.

Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Kosa likionekana moduli zikiwa zaidi ya moja, kila moduli ipimwe peke yake ili mbovu ijulikane.

Kabla ya kuitupa moduli, mipangilio ya kasi irejeshwe katika hali ya kawaida kupitia BIOS. Moduli iliyotangazwa kwa kasi ya 3200 inaweza kuwa na kasi ya kuanzia ya 2133 au 2400. Kasi ya juu hupatikana kwa kuwasha mpangilio uitwao XMP au EXPO. Si kila ubao mama na prosesa huihimili. Makosa yakitoweka baada ya mpangilio huo kuzimwa, moduli inaweza kuendelea kutumika kwa kasi ndogo zaidi, na mtumiaji wa kawaida hataona tofauti kubwa.

Mazingira ya ufukwe wa ziwa

Kyela ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na ufukwe wake uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Joto na unyevunyevu huenda pamoja. Utafiti wa mwaka 2009 uliotajwa ulionesha kuwa joto peke yake lina athari ndogo kwa makosa ya kumbukumbu kuliko ilivyodhaniwa. Hivyo jicho la mtumiaji lielekezwe zaidi kwenye unyevu unaokula miguso, vumbi, na umeme usiotulia.

Kompyuta iliyotoka katika baridi ya Mbeya au Tukuyu na kushushwa ufukweni isiwashwe mara moja. Hewa ya ziwa yenye unyevu hugeuka matone inapogusa chuma baridi. Iachwe ndani ya kifungashio chake kwa saa kadhaa hadi ilingane na joto la chumba. Vilevile, vijidudu vya ziwani vinavyofuata mwanga wa taa huweza kuingia kupitia matundu ya kasha na kuziba feni. Matundu hayo yasafishwe mara kwa mara.

Wapo wanaoamini kwamba kifaa kilicholowa hukauka kikifukiwa katika mchele. Mchele huacha vumbi la wanga katika miguso na haunyonyi unyevu kwa kiwango kinachotosha. Mchele wa Kyela ubaki jikoni. Kifaa kikaushwe mahali penye hewa inayopita, na kisiwashwe hadi kikauke kabisa.

Wakati wa radi, waya wa umeme uchomolewe. Kifaa cha kuhifadhi umeme wa dharura, yaani UPS, au kidhibiti cha volti huilinda kompyuta dhidi ya kupanda na kushuka kwa umeme.

Kusafirisha na kununua

Uchunguzi ukionesha kuwa tatizo ni moduli, hakuna sababu ya kuvusha kompyuta nzima. Moduli ni kifaa kidogo na chepesi. Ifungwe katika mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Usipokuwepo, izungushiwe karatasi ya alumini ya jikoni na kuwekwa katika kopo kavu lisiloingiza maji. Mfuko wa nailoni wa kawaida usitumike kuigusa moja kwa moja.

Mnunuzi aende na moduli ya zamani pamoja na jina kamili la ubao mama. Aina haziingiliani. DDR3 ina miguso 240 na hutumia volti 1.5, DDR4 ina 288 na volti 1.2, DDR5 nayo ina 288 na volti 1.1, lakini mwanya wake uko mahali tofauti. Moduli za kompyuta mpakato ni fupi na haziingii katika kompyuta ya mezani. Katika maduka ya mitumba hupatikana pia moduli zilizotolewa kwenye kompyuta kubwa za seva, ambazo bei yake huvutia. Nyingi kati yake hazifanyi kazi katika ubao mama wa nyumbani hata zikiingia katika sloti.

Mnunuzi adai risiti ya mashine ya kielektroniki na maelezo ya dhamana kwa maandishi. Anayeshuku kuuziwa bidhaa bandia anaweza kutoa taarifa kwa Tume ya Ushindani. Moduli mpya nayo ipimwe usiku mzima kabla ya kuaminiwa kwa kazi, kwani upya wa kifaa si ushahidi wa uzima wake.

Moduli iliyokufa isichomwe moto wala kutupwa ziwani. Ni taka ya kielektroniki, ambayo usimamizi wake uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kusimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Irudishwe kwa fundi au muuzaji anayeshirikiana na wakusanyaji wenye kibali. Tofauti na diski, moduli haibaki na taarifa za mmiliki baada ya kuchomolewa, hivyo hakuna siri inayokwenda nayo.

Baada ya moduli mbovu kuondolewa, kazi moja hubaki. Mafaili yaliyohifadhiwa katika kipindi cha hitilafu yafunguliwe na kulinganishwa na nakala za zamani au na daftari la karatasi, hasa yale ya fedha na ya matokeo ya wanafunzi. Kompyuta inaweza kuwa imepona huku kosa ililoliandika mwezi uliopita likiendelea kukaa ndani ya faili, na hilo halirekebishwi kwa kipuri kipya.